Bacula kwa ofisi za Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bakapu ya mtandao

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wahudumu wa TEHAMA, wahasibu wa SACCOS na walimu wa kompyuta wa Dodoma mjini na wilayani. Baadhi yao wamekwisha kusakinisha Bacula, wengine bado wanabeba flash mfukoni. Majina ya amri na ya maagizo nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye mafaili ya usanidi, kwa sababu herufi moja ikikosewa programu haiwaki.

## Mambo ya mwanzo

1. Bacula ni nini hasa?

Ni programu huria inayochukua nakala rudufu, yaani bakapu, za kompyuta nyingi kupitia mtandao na kuzihifadhi mahali pamoja. Kern Sibbald aliianza mwaka 2000, ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Toleo la jamii halilipiwi leseni.

Inazidi kunakili folda kwenye diski ya nje kwa sababu inaweka kumbukumbu. Inajua faili lipi lilikuwa wapi, tarehe gani, kwenye kompyuta ipi. Mhasibu akija Alhamisi akakwambia leja ya Jumatatu ndiyo iliyokuwa sahihi, unamrejeshea ya Jumatatu. Ukiwa na flash tu, una ile ya mwisho uliyoifunika juu ya nyingine.

2. Ina sehemu ngapi, na zinazungumzaje?

Director ndiye msimamizi: anashika ratiba na kutoa amri. File Daemon anakaa kwenye kila kompyuta inayochukuliwa bakapu. Storage Daemon anakaa penye diski au tepu na kuandika data. Katalogi ni kanzidata, kwa kawaida PostgreSQL au MySQL, inayotunza orodha ya kila kilichohifadhiwa. Wewe unaongea na Director kupitia `bconsole`.

Poti ni tatu: Director 9101, File Daemon 9102, Storage Daemon 9103. Shika mwelekeo wake, maana faiawoli nyingi zinakosewa hapa. Director anaipigia kompyuta ya mtumiaji kwenye 9102 na Storage Daemon kwenye 9103. Kisha kompyuta ya mtumiaji yenyewe inaipigia Storage Daemon kwenye 9103 ili ipeleke data. Data haipiti kwa Director hata kidogo.

3. Lazima iwe Bacula? Programu nyingine je?

Si lazima. Ofisi yenye kompyuta nne za Windows na hakuna mtu wa TEHAMA, nawashauri UrBackup. Seva moja au mbili za Linux zinatoshwa na Borg au restic, ambazo hazihifadhi kipande kilekile cha data mara mbili. BackupPC ina ukurasa mzuri wa wavuti na haihitaji kusakinisha programu maalumu kwenye kompyuta za watumiaji. Bareos ilichipuka kutoka Bacula, kwa hiyo mengi ya hapa yanaihusu pia.

Bacula inalipa pale kompyuta zinapofika kumi na kuendelea, pakiwa na matawi, tepu, au sera inayosema data ikae miaka mingapi.

## Kusanidi

4. Nimesakinisha. Nianzie faili lipi?

Kwenye Debian na Ubuntu yote yako `/etc/bacula`: `bacula-dir.conf`, `bacula-sd.conf`, `bacula-fd.conf` na `bconsole.conf`. Anza na kompyuta moja tu, seva yenyewe ijichukulie bakapu. Ikifanikiwa, ongeza ya pili. Nimeona watu wakiandika kompyuta ishirini kwa mkupuo, kisha wiki nzima hawajui kosa liko wapi.

Kila ukibadilisha faili la Director, lipime kwanza kwa `bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf`. Likinyamaza, liko sawa. Hapo ingia `bconsole`, andika `reload`, na mabadiliko yanaingia bila kuzima huduma.

5. Naambiwa uthibitisho umeshindikana, na nywila nina uhakika nayo.

Nywila za Bacula zinakwenda kwa jozi. Ile iliyo kwenye kipengele cha `Client` ndani ya `bacula-dir.conf` lazima ifanane na ile ya kipengele cha `Director` ndani ya `bacula-fd.conf` ya kompyuta husika. Hali ni hiyohiyo kwa `Storage` na `bacula-sd.conf`, na kwa `bconsole.conf`. Majina nayo yanahesabika: Director akiitwa `dodoma-dir` upande mmoja na `bacula-dir` upande wa pili, atakataliwa hata nywila ikiwa sahihi.

6. `status client` inajibu vizuri, lakini kazi inakwama haihamishi kitu. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu lake ni neno moja: `localhost`. Ndani ya `bacula-dir.conf`, kipengele cha `Storage` kina mstari wa `Address`. Anwani hiyo haitumiwi na Director peke yake. Anaikabidhi kwa kompyuta ya mtumiaji na kuiambia, peleka data hapa. Ukiacha `localhost`, kompyuta ya mapokezi inajitafuta yenyewe, na kwake hakuna Storage Daemon. Weka anwani halisi ya seva au jina linalofahamika mtandao mzima. Angalia pia kwenye `bacula-sd.conf` kwamba `SDAddress` haijafungwa kwenye 127.0.0.1, maana usakinishaji wa Debian huja hivyo.

7. Saa saba usiku naiandikaje kwenye ratiba?

Andika `01:00`. Bacula inahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Saa moja hadi saa tano usiku ongeza 18, kwa hiyo saa tano usiku ni `23:00`. Saa sita usiku ni `00:00`. Saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri toa 6. Mwanzoni kabisa wa kazi hii niliandika `07:00` nikimaanisha saa saba usiku. Bakapu kamili ikaanza saa moja asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni na mtandao wa kituo cha afya umejaa. Wauguzi walirudi kwenye daftari hadi mchana.

Siku ni mtego mkubwa kuliko saa. Mkuu wa ofisi akisema "Jumapili saa saba usiku", anamaanisha usiku unaoanza Jumapili jioni. Kwa kompyuta hiyo tayari ni Jumatatu. Ukiandika `sun at 01:00`, kazi itafanyika usiku wa kuamkia Jumapili. Muulize kwa lugha hiyo: usiku wa kuamkia lini? Kisha andika siku inayoamkiwa.

Usidhani kuwa `1st mon at 01:00` ni usiku wa baada ya Jumapili ya kwanza. Mwezi ukianza Jumatatu, Jumatatu ya kwanza ni tarehe 1 na Jumapili ya kwanza ni tarehe 7. Ndiyo maana mimi huacha ratiba kama inavyokuja, `23:05`, saa tano na dakika tano, siku haijageuka.

Hakikisha pia seva iko kwenye saa za hapa kwa `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Ikibaki kwenye UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, 23:05 yake ni saa nane na dakika tano usiku kwetu, na kazi ndefu itakukuta ofisi imefunguliwa.

8. Full, Differential na Incremental: nichague ipi?

Zote tatu. Full inachukua kila kitu. Differential inachukua kilichobadilika tangu Full ya mwisho. Incremental inachukua kilichobadilika tangu bakapu yoyote ya mwisho. Ratiba inayokuja na Bacula ni nzuri kwa ofisi nyingi: Full Jumapili ya kwanza ya mwezi, Differential Jumapili zinazobaki, Incremental Jumatatu hadi Jumamosi. Ukirejesha, Bacula inaunganisha zote tatu yenyewe.

9. Nimeandika `File = /` lakini folda ya data haimo. Imeenda wapi?

Bacula haivuki kutoka diski moja kwenda nyingine isipokuwa umeiambia. Kama `/data` ni diski ya pili, lazima uiandike kwa jina lake kwenye `FileSet`, yaani orodha ya vinavyochukuliwa bakapu. Ripoti inakuonya kwa mstari unaosema haitateremka kwenye mfumo mwingine wa mafaili. Watu wanaupita mstari huo kwa sababu mwishoni kumeandikwa `Backup OK`. Kwenye Windows, andika njia kwa mkwaju wa mbele, `C:/Users`, siyo ule wa nyuma.

10. Kanzidata ya mfumo wa wagonjwa au wa mikopo inachukuliwaje?

Usinakili mafaili ya kanzidata inayofanya kazi. Utapata nusu ya muamala wa sasa na nusu ya muamala uliopita, na siku ya kurejesha inaweza kukataa kuwaka. Toa kwanza nakala kwa `pg_dump`, au `mysqldump --single-transaction` kwa majedwali ya InnoDB, iende kwenye faili, kisha Bacula ichukue faili hilo. Amri hiyo iweke kwenye `ClientRunBeforeJob`, ili dump, yaani nakala hiyo, ikishindwa kazi nzima isimame na wewe uone. Ukiiweka kwenye cron, ratiba ya amri ya Linux, peke yake, dump inaweza kufa mwezi wa tatu na Bacula ikaendelea kubeba faili lilelile la zamani kila usiku bila kulalamika.

11. Diski imejaa, ingawa nimeweka muda wa kuhifadhi siku 30. Mbona hazifutiki?

Hapa kaa utulie, maana kuna saa tatu zinazokwenda kwa pamoja. `File Retention`, kama hukuigusa, ni siku 60. Ikipita, Bacula inasahau majina ya mafaili mojamoja, ingawa data bado ipo. `Job Retention` ni siku 180. `Volume Retention` ni siku 365, na ndiyo inayoamua lini volyumu, yaani faili au tepu ambamo Bacula inaandika data, iandikwe upya.

Saa ya volyumu haianzi kuhesabika wakati volyumu bado inaandikwa. Lazima kwanza ifungwe, iwe `Full` au `Used`. Kama hukuweka kikomo chochote, volyumu moja inakua bila mwisho, haifungwi, hivyo haitumiki tena kamwe. Weka `Maximum Volume Bytes`, tuseme 50G, au `Volume Use Duration`, pamoja na `Maximum Volumes` ili jumla isizidi diski uliyonayo. `Recycle` na `AutoPrune` ziwe `yes`.

Ukibadilisha `Pool`, yaani kundi la volyumu na masharti yake, leo, volyumu za jana hazibadiliki. Zimebeba masharti ya siku zilipozaliwa. Ingia `bconsole`, andika `update`, chagua volyumu, kisha uzilete zote kwenye masharti mapya ya Pool. Watu wengi wanasahau hatua hii, halafu wanalaumu programu.

Usifute mafaili ya volyumu kwa `rm`. Katalogi itaendelea kuamini yapo, na siku ya kurejesha itayadai.

## Umeme, matawi na vumbi

12. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inakuwaje?

Kazi hiyo inahesabika imeshindwa, lakini zile za nyuma ziko salama, na Incremental inayofuata itabeba yote yaliyobadilika tangu bakapu iliyofanikiwa. Kama seva ilikuwa imezimwa saa ya ratiba yenyewe, Bacula hairudi nyuma kuifanya. Inaangalia ratiba ijayo tu. Kwa hiyo Full ya Jumapili ya kwanza inaweza kupotea mwezi mzima. `Max Full Interval = 35 days` kwenye kazi inaziba pengo hilo: siku zikizidi, bakapu inayofuata inapandishwa kuwa Full.

Kompyuta za matawini zipe `Reschedule On Error = yes` na muda wa kusubiri wa saa moja. Seva iwe na UPS iliyounganishwa kwa waya wa data, na programu ya kuizima kwa utaratibu betri ikishuka, kama `apcupsd` au NUT. Betri ya kuwasha taa bila kuiambia seva chochote inaahirisha tu kuzima kwa ghafla.

13. Tuna tawi Mpwapwa na lingine Kondoa. Data yote ije Dodoma kila usiku?

Piga hesabu kwanza. GB 200 kwenye laini ya megabiti 4 kwa sekunde ni karibu saa 111, yaani siku nne na nusu laini isipokatika hata mara moja. Haiwezekani. Weka Storage Daemon ndogo palepale tawini, kompyuta ya kawaida yenye diski mbili. Director abaki Dodoma, anatoa amri na kutunza katalogi, data yenyewe haitoki jengoni. Kumbukumbu tu ndizo zinazosafiri.

Nakala ya pili ya tawi safirisha kwa diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo, aje nayo mtu anayekuja mjini kwa kazi nyingine. Kwa kilicho kidogo na cha lazima, kama dump ya kanzidata ya swali la 10, tumia mtandao na uweke `Maximum Bandwidth` ili asubuhi laini isibaki imebanwa. Tawi likiwa nyuma ya ruta ya laini ya simu, Director hatalifikia moja kwa moja. WireGuard, programu ya VPN, inamaliza hilo.

14. Seva iwekwe wapi?

Siyo chini ya meza karibu na mlango. Kiangazi cha Dodoma kina vumbi linaloingia kila tundu, na Oktoba na Novemba joto la chumba kisicho na feni linachosha diski. Iinue juu ya sakafu, safisha feni zake kila baada ya miezi miwili, na isiwe chumba kimoja na seva unayoichukulia bakapu.

15. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa vikiingia, bakapu itapona?

Inategemea kama kompyuta zilizoambukizwa zinaiona. Bacula ina heri hapa: kompyuta ya mtumiaji haina nywila ya kufuta volyumu, inapeleka data tu. Heri hiyo unaiharibu mwenyewe ukishea folda ya volyumu kwenye mtandao ili "iwe rahisi kuangalia". Usiishee. Halafu kila mwezi chomoa diski moja yenye Full na uipeleke jengo lingine. Diski iliyo kabatini Kizota haishambuliwi na kitu kilichoingia kwa barua pepe Makole.

## Kurejesha

16. Hatua za kurejesha faili moja ni zipi?

`bconsole`, kisha `restore`, chagua 5 kwa bakapu ya karibuni ya kompyuta fulani, tembea kwa `cd` na `ls`, weka alama kwa `mark`, halafu `done`. Kabla ya kusema `yes`, soma mstari wa `Where`. Ukitaka kuubadilisha andika `mod`. Peleka kwenye folda ya pembeni, usifunike faili lililopo mpaka mwenye nalo alithibitishe.

Wengi wananipigia simu wakisema wamerejesha lakini hawaoni kitu. Wanaangalia kwenye seva. Mafaili yanarudi kwenye kompyuta yalikotoka, isipokuwa umechagua nyingine.

Kama Bacula inasema haina majina ya mafaili ya miezi mitatu iliyopita, ni `File Retention` ya swali la 11. Unaweza kurejesha kazi nzima, au kujenga upya orodha kwa `bscan`.

17. Seva ya Bacula yenyewe ikifa?

Swali hili lijibu leo, kabla haijafa. Vitu vitatu viwe nje ya seva hiyo: folda ya `/etc/bacula`, dump ya katalogi inayotolewa na kazi ya `BackupCatalog`, na mafaili ya `.bsr` yanayoeleza dump hiyo iko kwenye volyumu ipi, sehemu ipi. Mimi hutuma `.bsr` kwa barua pepe kila siku kwa sababu ni dogo, na dump nainakili kwenye diski inayochomolewa.

Ukiwa navyo vitatu, kazi ni ya nusu siku: sakinisha, rudisha mafaili ya usanidi, pakia dump kwenye kanzidata, washa huduma. Usiruke kurudisha usanidi, maana usakinishaji mpya unatengeneza nywila mpya na kompyuta zote zitaikataa seva (swali la 5).

Huna katalogi ila volyumu zipo? Usikate tamaa. `bscan -s -m` inasoma volyumu moja baada ya nyingine na kuijaza katalogi upya. Inachukua muda, kwa kuwa inapita data yote. Ukihitaji faili moja kwa haraka, `bextract` inatoa moja kwa moja kwenye volyumu bila katalogi.

18. Nijaribu kurejesha mara ngapi?

Kila mwezi, na kompyuta tofauti kila mara. Usijaribu kwa faili la maandishi. Chukua dump ya kanzidata, ipakie kwenye kompyuta ya majaribio, umwite mhasibu au mtunza kumbukumbu aangalie kama mwisho wa orodha ni wa siku anayoitegemea. Yeye ndiye anayejua, wewe unajua tu kwamba imefunguka.

## Usimamizi wa kila siku

19. Kila asubuhi napata barua pepe kumi. Nisome zote?

Soma zote. Bakapu inafanyika usiku, ila usimamizi wake ni wa asubuhi, dakika tano na chai mkononi. `Backup OK` isikutoshe: angalia idadi ya mafaili na ukubwa. Kompyuta iliyozoea GB 2 ikileta KB 300, kuna folda imehamishwa. Kwenye `list jobs`, `T` ni imekamilika, `E` na `f` ni imeshindwa, `A` kuna aliyeisitisha. Na siku usipopata barua hata moja, usishukuru. Ingia uandike `status director`.

20. Kazi "inasubiri volyumu ya kuandikia" tangu jana. Nifanye nini?

Volyumu zote zimejaa na hakuna iliyotimiza muda. Angalia `list volumes`, kisha rudi swali la 11. Usikimbilie `purge`, kwa sababu inapuuza muda wote wa kuhifadhi uliouweka. Ongeza volyumu kama diski ina nafasi, na kama haina, punguza muda kwa makubaliano na mwenye data, kwa maandishi.

21. Tunahifadhi taarifa za wagonjwa. Je, kuzisimba kunatosha?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa wewe unayeshika bakapu sawasawa na anayeshika mfumo. Washa TLS, usimbaji wa mtandaoni, kwa data inayosafiri na `PKI Encryption` kwa data inayolala kwenye volyumu. Hizi mbili hazibadilishani kazi.

Usimbaji wa PKI unaficha yaliyomo, hauyafichi majina ya mafaili. Faili lililopewa jina la mgonjwa na kipimo chake limekwishasema siri kabla halijafunguliwa. Waombe watumiaji watumie namba ya faili. Ufunguo wa kila kompyuta unakaa kwenye kompyuta hiyo, ikiibwa umeondoka nao, kwa hiyo weka `PKI Master Key` kwenye zote na ufunguo wake wa siri uunakili kwenye flash mbili zinazofungiwa kwenye sefu mbili.

22. Mtu wa TEHAMA akihamishwa, nani anabaki na nywila?

Dodoma uhamisho ni jambo la kawaida, na barua huja na siku chache. Andika ukurasa mmoja: seva iko wapi, nywila ziko kwenye bahasha ipi, diski ya nje iko kwa nani, kurejesha kunafanyikaje. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuigusa Bacula, kaa pembeni bila kusema neno, na umwache arejeshe faili moja kwa ukurasa huo. Anapokwama, rekebisha ukurasa hapohapo.